Mzizi Mkaidi na Pumziko la Moyo

Wapendwa katika Bwana, neno lililonishika wiki hii ni Marko 6:31, pale Bwana Yesu anapowaita mitume wake, waliokuwa hawapati hata nafasi ya kula, wajitenge naye mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Walikuwa wametoka kuhubiri na kuponya wagonjwa, wakamweleza yote waliyoyatenda, naye hakuwaongezea kazi papo hapo. Ni kweli kwamba makutano waliwatangulia na pumziko lenyewe likakatizwa, jambo ambalo kila mzazi wa watoto wadogo atalielewa bila kufafanuliwa, lakini mwaliko ulikuwa umekwisha kutolewa.

Wengi wetu tumelelewa kuyaona mapumziko kuwa ndugu wa uvivu, kwa hiyo hata tukipata nafasi ya kupumzika, tunaketi na hatia kando yetu. Mimi hupalilia bustani ndogo ya maua kila Jumamosi jioni, na nakiri kwamba robo saa ya kwanza huwa ni ofisi iliyohamia nje: mikono inang'oa magugu, huku kichwani nikijibizana na mtu aliyenikwaza juzi na kuipanga Jumatatu. Kisha hukutana na mzizi mmoja mkaidi unaodai vidole vyote kumi, na unapong'oka na donge lake la udongo natambua kwamba kwa dakika kadhaa sikuwa nimebeba mzigo wowote.

Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu nje ya kazi: kujitenga na kazi kimawazo, kutulia, kujifunza au kumudu jambo jipya, na kuwa na uhuru wa kuamua utumieje muda wako. Nadhani la kwanza ndilo linalotushinda zaidi, kwa maana mwili unaweza kulala kitini saa mbili, simu mkononi na ujumbe wa kazi ukiingia, na mtu akainuka amechoka kuliko alivyoketi.

Hata hivyo, tusimwambie anayeugua sonona kwamba atoke akacheze tu atapona. Kukosa hamu ya yale uliyoyapenda ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huo, na mgonjwa anahitaji daktari na ndugu wa kuketi naye. Wataalamu wenyewe, wanapotumia shughuli za kupendeza kama sehemu ya tiba, huanza na hatua ndogo sana, wala hawangoji hamu irudi kwanza.

Ndivyo Bwana alivyomtendea Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii alipoomba afe chini ya mti jangwani, hakukemewa. Alilala, malaika akamgusa, akala mkate uliookwa juu ya makaa, akanywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Swali la anafanya nini pale lilimjia baadaye, huko Horebu, baada ya safari ya siku arobaini.

Tena amri ya Sabato, ambayo katika Kutoka 20 imejengwa juu ya uumbaji, katika Kumbukumbu la Torati 5 inapewa sababu nyingine: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Mtumwa hawezi kuiweka kazi chini apendapo, na kwa hiyo pumziko linaagizwa hadi kwa mjakazi, ng'ombe na punda. Sisi wenye watu chini yetu, tunaotuma maagizo usiku wa siku ya mapumziko tukidai si ya haraka, amri hiyo inatuhusu kabla ya kuwahusu wao.

Na Zekaria, akiutabiria mji uliokuwa umebomolewa, katika sura ya 8 anawaonyesha wazee wameketi katika njia za Yerusalemu, kila mmoja na mkongojo wake mkononi, na njia hizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Nabii hasemi mchezo huo ulikuwa na faida gani.