Siku Tatu katika Nyumba ya Hurumzi

Boti ilipoikaribia bandari ya Malindi, Unguja, nilisimama kwenye sitaha pamoja na abiria wengine waliotoka kutafuta upepo, nikaanza kuyahesabu kwa macho majumba meupe yaliyojipanga mbele ya Forodhani. Nilikuwa nikiitafuta Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ambalo kwetu sisi tuliokuja Unguja utotoni kutembelea jamaa lilikuwa ndiyo alama ya kwamba tumefika. Sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu 2 wakapoteza maisha. Nilikuwa nimeziona picha, lakini kuliona pengo lenyewe kutoka baharini ni jambo jingine, na mzee aliyekuwa amesimama karibu nami alilitazama kwa muda, akavua kofia yake, akaivaa tena bila ya kusema neno.

Safari hii niliifanya kwa sababu ya ukuta. Nyumba ya marehemu bibi yangu iko Mji wa Kale, Mombasa, nayo imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kama zilivyojengwa nyumba za Mji Mkongwe. Miaka mingi iliyopita wajomba zangu waliipaka saruji ukuta mzima wa mbele ili ipendeze, na kwa miaka michache ikapendeza kweli. Kisha saruji ikaanza kuvimba na kubanduka vipande vikubwa, na nyuma yake tukakuta mawe yaliyolowa na mchanga unaomwagika kwa kuguswa. Mwaka huu wajomba walikuwa wamekwishachanga fedha za kuipaka saruji tena. Niliwaomba wanipe wiki 2, nikatoa akiba yangu, nikaamua kwenda kulala katika nyumba ya zamani iliyotengenezwa na kutunzwa vizuri, nione kwa macho yangu na nimuulize anayejua.

Nilichagua Emerson on Hurumzi. Hoteli hii ilipata kuitwa Emerson & Green, baadaye 236 Hurumzi, na miongoni mwa walioifufua ni Mmarekani Emerson Skeens, ambaye aliupenda Mji Mkongwe akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 2014. Lakini nyumba yenyewe ni ya karne ya 19, na mwenyewe alikuwa Tharia Topan, mfanyabiashara aliyetoka Kutch, India, akafika Unguja angali kijana mdogo, akapanda hadi kuwa msimamizi wa forodha na mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani yote hii.

Magari hayaingii katika vichochoro vile. Mchukuzi mwenye mkokoteni alinipokea bandarini, akanitangulia huku akipiga kelele za kuomba njia, nami nikamfuata tukapita nyuma ya Ngome Kongwe na kuingia mtaa wa Hurumzi, ambako kengele za hekalu la Wahindu zilikuwa zikilia. Mlango wa hoteli ni wa mbao nzito zilizochongwa nakshi, na kizingiti chake kiko juu kiasi kwamba mgeni hulazimika kuinua mguu na kuinamisha macho kabla hajaingia. Kijana wa mapokezi alinisalimia, "Karibu sana, dada, pole na safari," akaninywesha maji ya tangawizi kabla hata ya kuniuliza jina.

Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, na asiyekuwa na magoti mazuri atazihisi. Chumba nilichopewa kilikuwa kirefu na chembamba, na sababu yake huonekana ukitazama juu: dari imebebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kwa kupakana, na kwa kuwa mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka, upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Fundi wa zamani hakuwa na namna ya kuukwepa mkoko. Kitanda kilikuwa samadari ya zamani, ndefu kwenda juu, yenye vioo vilivyotiwa picha za maua kichwani, na kando yake kulikuwa na kigoda cha kupandia. Madirisha yalikuwa na vioo vya rangi ambavyo saa ya alasiri vilimwaga wekundu na kijani sakafuni, na ukutani kulikuwa na zidaka mbili, yaani vishubaka vya ukutani, zilizowekwa taa badala ya kauri za zamani. Hapakuwa na televisheni wala simu ya mezani, nami sikuvikosa.

Nilipobaki peke yangu niliweka kiganja ukutani. Niru, ile lipu laini ya chokaa, ilikuwa laini kama ganda la yai lililochemshwa, yenye mawimbi madogo yaliyoachwa na mkono wa aliyeipaka, na ilikuwa baridi. Nje kulikuwa na joto la Machi, lile linalomfanya mtu abadilishe shati mara 3 kwa siku, lakini ukuta ulikuwa baridi. Niliingiza mkono kwenye kina cha dirisha, na bega langu lilikuwa limekwishagusa fremu ya ndani kabla vidole havijafika ukingo wa nje. Usiku ule niliizima feni na kufungua vibao vya dirisha, nikalala chini ya chandarua nikisikia watu wakiagana kichochoroni kwa sauti za Kiunguja zilizopanda wazi mpaka chumbani. Nimepata kulala katika hoteli ya kifahari katika mji mwingine wa pwani, nayo pia ilikuwa nyumba ya kale, ambayo kuta zake zilifunikwa kwa bodi na rangi ya mafuta. Kiyoyozi hakikunyamaza usiku kucha, na asubuhi chumba kilinuka ukungu. Anasa niliyoipata Hurumzi ilitoka katika mawe na chokaa vilivyoachwa vifanye kazi yake.

Jioni ya pili nilipanda juu kabisa, kwenye paa, ambako kuna baraza ya chai na chakula cha usiku. Hii ni miongoni mwa nyumba ndefu zaidi Mji Mkongwe, kwa hiyo mtu huuona mji wote umelala chini yake: mapaa ya mabati yenye kutu, minara ya misikiti, Minara Miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, na upande wa bahari majahazi yakiingia. Unavua viatu, unakaa chini juu ya mazulia na mito, na chakula huletwa kwa sahani ndogo ndogo bila ya haraka. Nakumbuka pweza aliyepikwa kwa nazi mpaka akalainika, na achari ya embe ambayo ingeweza kuwa imetoka jikoni kwa shangazi yangu. Jua lilipozama adhana ya Magharibi ilianza msikiti mmoja, ikapokewa na wa pili na wa tatu, na wageni wote wakanyamaza, hata wale ambao bila shaka hawakujua maneno yake.

Karibu yangu alikaa bibi mmoja aliyefuatana na wajukuu zake 2. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaniitikia "Marahaba, mwanangu" kwa Kiunguja safi, kisha akaniambia ametoka Maskati. Aliondoka hapa akiwa msichana mwaka 1964, na alikuwa amerudi mara ya kwanza. Wajukuu walizungumza Kiarabu na Kiingereza, yeye akanifasiria, halafu akawaonyesha kwa mkono sakafu tuliyokalia na kunieleza jinsi paa la nyumba yao lilivyopigwa sakafu alipokuwa mtoto: mafundi na vibarua walijipanga mistari 2, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaiponda chokaa kwa siku kadhaa huku wakiimba na mpigaji zumari akiwatangulia, na watoto wakikatazwa kupanda juu wasije wakaacha nyayo. "Mimi nilipanda," alisema. "Unyayo wangu ulibaki pale mpaka tulipohama." Alipoitafuta nyumba ile asubuhi yake, alikuta imeezekwa bati.

Jambo moja lilinikaa moyoni pale juu, na sitaki kulipita. Utajiri uliojenga nyumba hii ulitokana na forodha, pembe za ndovu na mikopo, na Tharia Topan ndiye aliyezidhamini kwa fedha safari za bara za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, safari ambazo watu wetu wengi walizilipia kwa uhuru wao. Wenyeji husema kwamba jina la Hurumzi lenyewe linatokana na neno huru, kwa kuwa hapa ndipo watumwa walipokombolewa kwa fedha walizolipwa mabwana zao, kabla na baada ya sheria ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja. Tharia Topan huyohuyo, aliyepewa na Malkia Victoria cheo cha Sir mwaka 1890, ndiye pia aliyeanzisha ujenzi wa zahanati kubwa ya pwani yenye roshani za nakshi, akafa mwaka 1891 kabla haijakamilika. Naamini mgeni anayelipa kulala katika nyumba kama hii anastahili kusimuliwa yote mawili kwa pamoja. Mhudumu niliyemuuliza maana ya jina la mtaa alinieleza bila ya kuficha, akiwa ameshika birika mkononi, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa chai.

Asubuhi ya tatu nilimpata niliyemfuata. Nyuma kidogo ya hoteli, mzee mmoja alikuwa akitengeneza baraza ya nyumba ya jirani, amepiga magoti juu ya gunia, na mbele yake kulikuwa na karai la chokaa nyeupe kama mtindi. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya ukuta wa Mombasa. Hakunijibu mpaka alipomaliza kutomelea vijiwe vidogo kwenye ufa aliokuwa akiuziba, akavisukuma kimoja kimoja kwa kidole gumba.

"Hiyo saruji mmeivua yote?" aliuliza.

Nikamwambia bado, na kwamba wajomba wanataka kuongeza nyingine juu yake.

"Wazuie, mwanangu. Jiwe la matumbawe linakunywa maji kutoka chini, na chumvi ya bahari imo ndani yake. Chokaa inayaachia yale maji yatoke. Saruji inayafungia ndani, yakikosa njia yanakwenda kwenye vichwa vya boriti, pale zinapoingia ukutani. Boriti ikioza kichwa, dari inakushukia umelala."

Alinionyesha kichwa cha boriti alichokitoa siku ile. Sehemu ya kati ilikuwa ngumu, nyeusi, ikilia kama chuma ilipogongwa, lakini shibiri moja ya mwisho ilikuwa imegeuka unga wa kahawia, na kidole changu kilizama ndani bila ya nguvu. Kisha akanieleza kazi ilivyo: mawe huchomwa juu ya magogo kwenye tanuu, chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa shimoni kwa muda mrefu, kwani chokaa iliyotumiwa kwa pupa huja kupasuka ukutani, hupakwa tabaka nyembamba nyembamba, na kila tabaka hungojewa. Nilimuuliza kama vijana wanajifunza. Alinyoosha mkono kumwonyesha mmoja aliyekuwa akichunga chokaa kwa ungo. "Huyu mmoja," alisema.

Wakati wa kuagana alinijazia chokaa iliyozimwa kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunika kwa maji ya kidole kimoja juu yake ili isikauke, na kunionya nisiiguse kwa mkono mtupu. Bei aliyoitaja ilikuwa ya chai, nikamwongezea.

Niliporudi hotelini kuchukua mzigo, yule bibi wa Maskati alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, akingoja mchukuzi. Nilimfunulia kopo. Alichungulia, akavuta pumzi, akafumba macho, akaomba wajukuu zake nao wanuse.

Bandarini ofisa aliyekagua mikoba alilitoa kopo, akalitikisa, akaniuliza ni kitu gani. Nilimwambia ni chokaa ya ukuta wa bibi yangu. Alilifunika vizuri, akalirudisha mkobani likiwa limesimama wima, akanipisha. Nikiwa kwenye foleni ya boti nilimpigia simu mjomba wangu mkubwa, nikamwomba asimlipe fundi wa saruji mpaka nifike.