Nilivyoinasa hatua ya chuma isiyodumu

Kimeng'enya nilichokifanyia kazi kwenye maabara yetu hapa Marekani kinaitwa P450cam. Kinatoka kwa bakteria Pseudomonas putida, anayeweza kuishi kwa kafuri, hii hii tunayoijua kwenye sanda. Kinapachika atomu ya oksijeni kwenye kafuri, na yote hayo yanafanyika juu ya atomu moja ya chuma. Tatizo ni kwamba oksijeni ikishakaa, elektroni ya pili ikiingia tu, mambo yamekwisha. Ukija kutazama, kafuri imeshageuka na chuma kimerudi kilivyokuwa.

Dawa yake ni kugandisha kwanza, elektroni baadaye. Nilianza na kilele cha ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 391. Nikaondoa hewa, nikatia dithionaiti, kemikali inayokipa chuma elektroni ya kwanza, kilele kikahamia 408. Nikaongeza gliserini, nikapoza chini ya sifuri, nikapuliza oksijeni hadi nikaona 418, alama kwamba oksijeni imekaa kwenye chuma. Hapo huna muda wa kusubiri: mrija wa kwatzi unazama kwenye nitrojeni ya majimaji, kelvini 77 (karibu nyuzi 196 chini ya sifuri), kisha unapelekwa kwenye mionzi ya gama ya kobalti 60. Mionzi inang'oa elektroni kwenye kiyeyusho, moja inatua kwenye chuma, na protini imeganda, haina pa kwenda.

Kinachonifurahisha kwenye EPR, kipimo cha sumaku na mawimbi kinachoona elektroni zisizo na mwenza, ni kwamba chuma kilichobeba oksijeni hakionekani kabisa, maana elektroni zake zote zina wenzake. Kikipata moja ya ziada, kinajitokeza. Chochote kipya unachokiona kimezaliwa na mionzi. Chuma kilichobaki katika hali yake ya mwanzo, ile ya 391, nacho hujitaja chenyewe, karibu na g ya 8 (g ni namba inayoonyesha ishara imekaa wapi).

Lakini mionzi huleta takataka. Katikati, kwenye g ya 2, radikali za gliserini, yaani vipande vyake vyenye elektroni isiyo na mwenza, zilisimama kama mlingoti, na pembeni mistari miwili ya atomu za haidrojeni zilizonaswa ndani ya kwatzi. Nilipandisha nguvu ya mawimbi katika baridi kali. Radikali zikashiba, zikaacha kukua; chuma, kinachopumzika upesi, kikaendelea. Ndipo zikatoka g za 2.29, 2.16 na 1.96: chuma kilichoshika oksijeni mbili na haidrojeni moja.

Baadaye nilichovya mrija kwenye pentani iliyopozwa, kimiminika kisichoganda kwa baridi hiyo, dakika moja, nikaurudisha 77, kila mara joto likipanda kidogo. Kuelekea kelvini 200 ishara ile ilififia, ikaingia ya kafuri iliyokwisha pata oksijeni, ingali imeshikana na chuma. Roman Davydov, Brian Hoffman na wenzao walilionyesha hili mwaka 2001, na kuliona kwenye skrini yangu kulinipa imani na sampuli zangu.

Hatua ya katikati, chuma chenye oksijeni moja tu, haikujikusanya hata kidogo. Jonathan Rittle na Michael Green waliinasa mwaka 2010 kwa njia nyingine, kwenye CYP119, kimeng'enya kingine cha jamii hiyo hiyo. Sasa naandaa sampuli za maji mazito, yenye haidrojeni nzito badala ya ya kawaida, nione kama protoni ndiyo inayoamua mwendo.