Nilivyoipata "ain" bila kukaa darasani

Zabibu ndizo zilizoniumbua. Wiki yangu ya tatu Muscat, Oman, nilikokwenda kufanya kazi za ndani, mwaka 2017, mama mwenye nyumba aliniuliza kwetu Dodoma tunalima nini. Nikajibu kifua mbele: "Zabib! Zabib kathir!" Akaingia jikoni, akarudi na pakti ya zabibu kavu. Kumbe zabib kwao ni hizo zilizokaushwa. Zile tunazochuma Hombolo na Mpunguzi wanaziita inab, na hiyo "i" inaanzia kooni. Nikajaribu. Wakacheka wote, na mtoto wao wa miaka minne akajishika koo kunionyesha.

Nilikuwa nimeondoka nyumbani nikijidanganya kwamba Mswahili tayari ana nusu ya Kiarabu: habari, hesabu, hewa, asali, kahawa. Maneno ni yao kweli, na maana nilizishika upesi. Tatizo ni kwamba h zao tatu sisi tumezifanya moja. Habari kwao ni ya kh, hesabu ni ya h inayobana kooni, na hewa ndiyo h yetu hii ya kawaida. Ain, ile herufi yao inayobana kooni kama kwenye inab, tumeitupa kabisa. Baadaye nikaanza kuiona ilipodondokea: saa, jamaa, baada, maana, taarifa. Pale a mbili zinapogusana, mara nyingi yenyewe ndiyo ilikuwa imekaa katikati.

Wakubwa hawakunisaidia. Walinisemesha kile Kiarabu cha kuvunjavunja wanachowasemesha watu wa kazi, "inta sawwi" (wewe fanya), "ma fi" (hakuna), na hiyo inta ni ya mwanamume, mimi ni mwanamke! Ukikaa na wakubwa tu, utarudi nacho hichohicho. Yule mtoto hakujua kumrahisishia mtu. Siku moja namlaza, nikamwiga mama yake: "ya qalbi", moyo wangu. Mdomoni mwangu ikatoka "ya kalbi". Akakaa kitandani akabweka. Kalb ni mbwa. Akabweka kila usiku mpaka nilipoirudisha ile q nyuma kabisa, karibu na kimeo.

H ya kooni niliipata chooni, kwenye kioo. Unajua unavyopuliza pumzi ya moto ili ukungu utande ndipo ufute doa? Siku hiyo nikaisikia: ndiyo hii! Pumzi inasugua koo, ila haikwaruzi kama kh. Tangu hapo kila nikifuta vioo nilikuwa natamka: halib (maziwa), lahm (nyama), hammam (choo). Na hammam lazima uikaze m, maana ukiilegeza unakuwa umeuliza njiwa, si choo.

Ain ilinichukua karibu mwaka. Iliyoniokoa ni mbuzi wa babu kule Chamwino. Mbuzi akilia, koo linabana na sauti inatetemeka humohumo bila kukatika. Nikajifungia stoo, nikalia kama mbuzi, kisha nikaanza kuipunguza kidogokidogo mpaka ikabaki ile ya mwanzo wa asal. S nzito na t nzito sijazipata hadi leo. Najaza mdomo tu, wananielewa.

Nilikuwa pia na mwenzangu wa Kondoa, nyumba ya mtaa wa pili, aliyesoma madrasa. Herufi zote anazo, ila maneno ya jikoni hana. Mimi kinyume chake. Usiku namtumia neno kwa sauti kwenye WhatsApp, yeye ananirudishia limenyooka.

Sasa nipo Majengo, nauza maandazi. Binti wa dada yangu anaondoka mwezi ujao, kwa hiyo kila asubuhi anakuja kujifunza. "Mama mdogo, ya mbuzi inagoma," ananiambia, basi tumeanza na ya kioo. Juzi alilipulizia kabati la maandazi mpaka mteja akanivuta pembeni, akaniuliza kama yule binti ana pumu.