Kidole cha Nne

Mwaka 2018 tulikuwa wajitoleaji watano, tukizunguka shule za msingi upande wa Mbagala. Posho hakuna, nauli ya daladala kila mtu na mfuko wake. Tuliwafundisha watoto kutambua mguso mbaya, tukawaimbisha 116, namba ya bure ya kuomba msaada, mpaka wakaikariri.

Siku hiyo kijana mmoja alinyoosha mkono. "Dada, mnaziita sehemu za siri. Sasa siri mtu anaisemaje?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Mwisho wa kipindi kila mtoto alichora kiganja chake daftarini, na kwenye kila kidole akaandika mtu mzima anayeweza kumweleza shida. Msichana wa dawati la nyuma aliandika mama, bibi, mwalimu. Kwenye kidole cha nne alikuwa ameandika mtu, kisha akamfuta kwa mate, akasugua mpaka karatasi ikatoboka.

Kengele ilipolia wenzake walikimbilia mihogo ya kukaanga. Yeye akabaki.

"Dada, nikikwambia, humwambii mtu?"

"Simwambii."

Lilinitoka tu, niliogopa angenyamaza. Aliyonieleza siyaandiki hapa.

Kiongozi wetu, nesi mstaafu, nilimkuta kivulini akijipepea na daftari la mahudhurio. Nilipomweleza, mkono ukasimama.

"Umemuahidi? Mwanangu, na huyo mtu si ndivyo alivyomwambia, hii ni siri yetu?"

Semina nzima haikuwa imenifundisha hivyo. Hakuniacha nilie. Mtoto angerudi nyumba ileile jioni, kwa hiyo akamwendea mwalimu mkuu, na afisa ustawi wa jamii akapigiwa simu palepale. Mimi nikaomba jambo moja tu: msichana asikie kutoka kwangu kwanza.

Tulikaa chini ya mwarobaini, mwalimu wa malezi pembeni.

"Nilikuahidi, nikakosea," nikamwambia. "Hili sitalificha. Kuna watu watatusaidia, lazima nao wajue."

Hakulia. Aliinamisha kichwa, akawa anachora mchanga kwa kidole gumba cha mguu.

"Na mama atajua?"

"Atajua."

Akachora tena, akafuta kwa unyayo.

"Basi mwambieni nyie. Mimi nitakuwa nje."