Jiwe Litapiga Kelele Ukutani

Neno la juma: Habakuki 2:9–12; Yeremia 22:13–16; Yakobo 5:4

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili twende mbali kidogo, mpaka Ferrara, mji wa kaskazini mwa Italia kwenye tambarare ya mto Po. Ni mji usio na mlima wala kilima, na watu wake wanapenda baiskeli kupita kiasi. Katikati yake ipo ngome ya matofali mekundu iliyozungushiwa handaki la maji. Ukiipa ngome kisogo na kushika njia ya kaskazini, ile iliyosakafiwa kwa kokoto za mtoni, utafika kwenye njia panda. Hapo kwenye kona limesimama jumba ambalo jua likilipiga huwezi kulitazama bila kukunja uso. Linaitwa Palazzo dei Diamanti, yaani Jumba la Almasi.

Lilianza kujengwa mwaka 1493 kwa ajili ya Sigismondo d'Este, ndugu wa Duke Ercole wa Kwanza, mtawala wa Ferrara wakati huo. Mchoro ulikuwa wa Biagio Rossetti, mjenzi mkuu wa Duke, ambaye ndiye aliyepanga sehemu yote mpya ya mji upande ule. Ukuta wa nje umevikwa mawe ya marumaru yapatayo 8,500, meupe yenye mishipa ya waridi, na kila jiwe limechongwa likatokeza ncha mbele kama kito. Almasi ilikuwa nembo ya Duke Ercole, kwa hiyo kila apitaye njia ile alijua ukoo gani unakaa ndani. Na fundi alikuwa hodari kweli. Ncha za mawe ya chini zimeinamia ardhi kidogo, za katikati zinatazama mbele, za juu zimeinuka, ili mwanga ukiteremka ukutani usipotee bure. Ukuta wa asubuhi si ukuta wa jioni.

Mahali kama hapo hapakosi hekaya. Wenyeji husimulia kwamba kati ya mawe yale yote, liko moja ambalo ndani yake imefichwa almasi ya kweli. Ni jiwe lipi? Walijua watu wawili tu, mtawala na fundi mkuu. Wengine wanaongeza kipande cha pili, na hicho ndicho kinachonifanya niandike juma hili. Wanasema kazi ilipokwisha, mtawala aliamuru fundi atobolewe macho na kukatwa ulimi, siri isije ikatoka.

Wageni wengi huchukua kipande cha kwanza. Wanapiga picha, wanapitisha kidole kwenye ncha za mawe, wanacheka na kukisia ni lipi. Wahubiri nao, nikiwemo mimi, tunavutwa upande huo huo. Mfano wa hazina iliyositirika shambani, Mathayo 13, unakuja wenyewe mdomoni kabla hujafungua Biblia. Lakini nimeamua kuuacha leo. Almasi ile, kama ipo, ilifichwa na tajiri kwenye nyumba yake mwenyewe, na sioni Injili iko wapi hapo. Mwenye jambo la kutuambia ni yule fundi.

Tuseme ukweli kwanza: Rossetti hakutobolewa macho. Jumba likiwa bado linajengwa, yeye alikuwa akijenga upya kanisa la San Francesco na lile la Santa Maria in Vado katika mji huo huo, na alifariki mwaka 1516. Mwanahistoria atakwambia hekaya ni uongo, na hapo atafunga daftari lake.

Mimi nadhani tusiwahi kulifunga. Kwa nini watu waliokaa chini ya watawala wale waliliangalia jumba zuri kuliko yote mjini, wakasema, "Aliyejenga hili walimtoboa macho"? Mtu hasemi hivyo juu ya nyumba ya jirani anayemwamini. Hekaya haituelezi yaliyompata Rossetti. Inatueleza walio nje ya ukuta walidhani walio ndani wanaweza kufanya nini.

Na walikuwa na sababu. Ile ngome ya matofali mekundu ilijengwa kwa hofu. Mwaka 1385 wananchi waliolemewa na kodi walimtaka mtu mmoja tu, Tommaso da Tortona, aliyekuwa mshauri wa mtawala katika mambo ya kodi. Mtawala Niccolò wa Pili akamtoa kwao, nao wakamuua kikatili. Kisha mtawala huyo huyo akaanza kujenga ngome yenye minara minne, si kumzuia adui wa nje, bali kujikinga na watu wake mwenyewe. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1496, mawe ya Jumba la Almasi yakiwa bado yanapandishwa ukutani, msimamizi wa sheria wa Duke, Gregorio Zampante, aliuawa, na mji ukashangilia. Alikuwa amewakamua watu kwa faini.

Hapa ndipo mambo yananichanganya, nanyi mnivumilie. Duke Ercole hakuwa mpagani. Alikuwa mtu wa dini hasa. Alihudhuria misa kila siku. Siku ya Alhamisi Kuu aliwalisha maskini na kuwaosha miguu kwa mikono yake. Aliposikia habari za Lucia wa Narni, mtawa aliyesemekana kuwa na majeraha ya Kristo mwilini, alimtaka aje Ferrara, na wenyeji wa Viterbo, mji alikokuwa akiishi, walipokataa kumwachia, akatoroshwa mwaka 1499. Duke akamjengea nyumba ya watawa. Kwa hiyo mtu yule yule aliinama kumwosha maskini miguu, na akamweka Zampante kazini mwaka hadi mwaka. Sidhani alikuwa mnafiki kwa maana tunayoizoea. Nadhani alikuwa na vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha ibada na kimoja cha serikali, na hakuwahi kuvilinganisha.

Sasa rudi kwenye macho. Rossetti hakutobolewa, lakini yuko aliyefanyiwa hivyo. Mwaka ule ule wa 1493 jumba lilipoanza, mwana wa Duke, Ippolito, alifanywa Kardinali. Alikuwa na umri wa miaka 14. Alikuwa na ndugu wa kambo, Giulio, aliyezaliwa nje ya ndoa, kijana mwenye sura ya kupendeza. Wote wawili wakampenda msichana mmoja wa nyumba ile, Angela Borgia, naye, kama inavyosimuliwa, akamwambia Kardinali kwamba macho ya Giulio peke yake yanamzidi yeye mzima. Mwezi Novemba 1505, Giulio akiwa safarini na farasi wake, watu wa Kardinali walimvamia, naye Kardinali yupo anatazama, wakamchoma machoni. Hakufa, lakini uso uliharibika na macho hayakurudi kuwa kama zamani.

Ercole alikuwa amekwisha kufariki mapema mwaka huo, na mwanawe Alfonso ndiye mtawala. Alfonso hakumpa Kardinali adhabu inayolingana na kosa. Ilikuwa aibu ya familia, ikafunikwa. Giulio hakupata haki, akaitafuta kwa njia ya giza: mwaka 1506 yeye na ndugu yake mwingine, Ferrante, wakala njama ya kumuua Alfonso na Kardinali. Ikagunduliwa. Wakahukumiwa kifo, na dakika ya mwisho hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha ndani ya mnara wa ngome ile ile, Torre dei Leoni. Juu yao ndugu zao walikuwa wanakula karamu na kusikiliza muziki. Ferrante alifia humo mwaka 1540. Giulio alikaa miaka 53. Alifunguliwa mwaka 1559, mzee wa zaidi ya miaka 80, na duke aliyemfungua hakuwa hata amezaliwa siku alipofungwa. Inasimuliwa kwamba alitoka akiwa amevaa nguo za mtindo wa ujana wake, na watu njiani wakasimama kumshangaa. Miaka miwili baadaye akafariki.

Hekaya ilikosea jina la mtu. Haikukosea nyumba.

Basi fungueni Habakuki 2. Nabii anamsemea mtu anayejenga kiota chake juu ili apate kuokoka na mkono wa uovu, anayejipatia faida ya dhuluma kwa ajili ya nyumba yake. Kisha, aya ya 11: "jiwe litapiga kelele katika ukuta", na boriti italijibu. Angalieni nani anayesema. Mashahidi wamenyamazishwa, waliotendwa hawana mahakama, waandishi wa mambo ya mtawala wanalipwa na mtawala. Ndipo Mungu anaupa ukuta wenyewe ulimi. Wageni wa Ferrara wanauliza ni jiwe lipi lenye almasi. Habakuki angeuliza ni jiwe lipi lililoletwa kwa jasho lisilolipwa, na angesema subirini, litajitaja lenyewe.

Yeremia 22 anaingia ndani zaidi, kwa sababu anamtaja mtu. Ni Yehoyakimu, mwana wa Yosia. Kosa lake la kwanza kutajwa ni la mshahara: "amtumiaye mwenzake bila ujira." Mengine yanafuata: vyumba vipana, madirisha, mbao za mierezi, rangi nyekundu. Mungu hachukii mierezi. Hekalu lake mwenyewe lilijengwa kwa mierezi. Aya ya 15 inasema baba yake, Yosia, naye alikula na kunywa, yaani hakuishi kama fukara, lakini alitenda haki, aliamua madai ya maskini. Kisha linakuja swali ambalo kila nikilisoma linanisimamisha: je, huko siko kunijua mimi? Kumjua Mungu, katika aya hiyo, hakupimwi kwa mafungo wala kwa mikesha. Kunapimwa kwa namna ulivyomtendea mtu anayekuja kudai chake.

Nimeona kamati za ujenzi zikikabidhi jengo la ibada kwa shangwe, utepe ukakatwa, wageni waalikwa wakala pilau, na fundi wa vigae amekaa nyuma kabisa kwa sababu amekuja kuulizia malipo ya awamu ya mwisho. Anaambiwa, "Ndugu, hii ni kazi ya Bwana, utalipwa mbinguni." Huenda anayesema hivyo anadhani anamtia moyo. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimekwisha kuingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo siku ile ya kuweka wakfu, kwaya inaimba na vigae vinalia, na Mungu anavisikia vyote viwili kwa pamoja.

Najua hapa mtu atasema yeye hana jumba, ana vyumba viwili vya kupanga, Duke wa Ferrara anamhusu nini. Lakini dada wa kazi anayelala jikoni, ambaye mshahara wake wa miezi mitatu "umehifadhiwa" na mama mwenye nyumba ili asiutumie vibaya, anamhusu. Kibarua aliyepalilia akaambiwa arudi mwisho wa mwezi anamhusu. Kijana wa bodaboda unayemwambia "andika" kila siku naye anakuhusu. Torati haikungoja mtu awe tajiri ndipo imwamuru. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka mtu wa mshahara apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutumainia.

Tena liko jambo la Alfonso, ambalo kwetu ni la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri. Yeye hakumchoma mtu macho. Alichofanya ni kufunika, kwa kuwa mkosaji alikuwa ndugu na tena mtu wa kanisa. Ni familia ngapi zimekaa kikao, binti akaambiwa anyamaze kwa sababu aliyemdhuru ni baba mdogo, ni mzee wa kanisa, ni mchungaji? Wanasema "tusiivunje familia." Familia ya d'Este haikuvunjika. Iliendelea kula chakula juu ya vyumba vya wafungwa wake kwa miaka 53.

Mkipata nafasi ya kuomba nyumbani juma hili, someni Yeremia 22 kwa sauti, watoto wakiwepo, halafu mtu mzima mmoja aseme ni nani anayeidai nyumba hiyo. Kama yupo fundi, mlinzi au dada wa kazi ambaye hamjamaliza naye, mpigieni simu kabla ya Jumapili. Sadaka inaweza kungoja. Bwana mwenyewe alisema, katika Mathayo 5, kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale mbele ya madhabahu, uende zako kwanza.