Nilivyosoma chuo Marekani bila mkopo huku nikilea watoto wa watu

Nikiwaambia watu kwamba nimemaliza shahada ya miaka miwili ya malezi ya watoto wadogo hapa North Carolina bila senti ya mkopo, swali la kwanza huwa ni "nani alikulipia?" Jibu fupi ni mfuko unaoitwa T.E.A.C.H. Jibu refu ndilo ninaloandika hapa, maana mfuko ulilipa ada, na katika mahesabu yangu ada ndiyo ilikuwa kitu kidogo. Muda na pesa ya kutangulia kutoa ndivyo vilivyonitoa jasho.

Tulikuja na green card ya bahati nasibu, mimi, mume wangu na watoto wawili. Nyumbani Morogoro nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina cheti cha Daraja la III A. Huku cheti kile hakikunipa darasa. Kazi iliyopatikana haraka ilikuwa ya deikea, yaani kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, chumba cha wachanga, dola 12 kwa saa.

Chumba cha wachanga si mahali pa kukaa na kucheza na watoto tu, kama ndugu zangu wengi wanavyofikiri. Sheria ya jimbo inasema mlezi mmoja asizidishe watoto 5 wa chini ya mwaka mmoja. Mtoto analazwa chali, kitandani hakuna mto wala mdoli, na kila baada ya dakika 15 unainuka, unamwangalia anavyopumua, kisha unaandika kwenye fomu: saa ngapi, amelalaje, herufi za jina lako. Watoto wanalala kwa zamu zao wenyewe, hawaulizani, kwa hiyo kutwa nzima unaandika huku mkono mwingine umeshika chupa. Miezi ya mwanzo niliona ni usumbufu wa Wazungu. Mimi nimelelewa mgongoni kwa mama akitwanga. Nilipokuja kusoma darasani kuhusu vifo vya ghafla vya wachanga usingizini, fomu ile sikuilalamikia tena.

Ili uwe mlezi mkuu wa chumba, uache kuwa msaidizi wa kila mtu, hapa kwetu unaanzia na kozi inayoitwa EDU 119, utangulizi wa elimu ya watoto wadogo. Ni krediti 4 (krediti ndiyo kipimo cha ukubwa wa kozi, na ada huhesabiwa kwa hiyo), inafundishwa kwenye vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili vya jimbo. Krediti moja kwa mkazi wa North Carolina ni dola 76. Kwa asiyehesabiwa kuwa mkazi ni dola 268. Piga hesabu: kozi hiyohiyo, kitabu hichohicho, mmoja analipa dola 304 na mwenzake dola 1,072. Na ukazi hauji kwa kuwa na anwani tu. Unajaza maombi yako kwenye mfumo wa jimbo, unaonyesha kwamba umeishi hapa miezi 12 na kwamba umekuja kukaa, hukuja kusoma na kuondoka: leseni ya udereva, kodi ya mapato, mkataba wa nyumba. Mimi nilisubiri mwaka utimie ndipo nikagusa chuo. Kuna waliosema napoteza muda. Mwaka ule nilikuwa nasoma Kiingereza bure jioni, chuo hichohicho, kwa hiyo sikuona nilichopoteza.

Mwaka ulipotimia nikajaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo. Haina malipo, na ukiona mtu anakutoza ili "akujazie", mkimbie. Mwenye green card anaruhusiwa kuomba, mkimbizi pia. Tatizo ni kwamba fomu ile inaangalia kipato cha mwaka wa kodi uliopita miaka miwili nyuma ya mwaka wa masomo. Mwaka ule mume wangu alikuwa anaendesha lori masafa marefu, analala barabarani, hela ilikuwa inaonekana. Nilipokuwa naomba alishaacha lori, yuko ghala la mizigo zamu ya usiku, kipato kimeshuka. Karatasi ya kodi haijui hayo. Pell Grant, ule msaada usiorudishwa, ikatoka kiduchu. Unaweza kwenda ofisi ya misaada ya chuo, ukaeleza kwamba hali imebadilika na ukapeleka ushahidi, na wao wana mamlaka ya kurekebisha. Mimi nilifanya hivyo, na mwaka uliofuata hali ikawa nafuu. Kwa muhula wa kwanza ilikuwa haisaidii.

Habari za T.E.A.C.H. nilizisikia kwa dada mmoja Mkenya tuliyekuwa naye chumba cha watoto wa miaka miwili, wakati wa kubadilishana zamu. Alikuwa na mkoba wa chuo. Nikamuuliza, "Dada, unasoma saa ngapi na unalipa na nini?" Akacheka, akasema, "Bosi analipa kidogo, mimi nalipa kidogo, na wale wanalipa kubwa. Lakini lazima bosi akubali kwanza."

Mfuko huu ulianzia hapahapa North Carolina mwaka 1990, sasa uko majimbo mengine mengi. Wazo lake ni kwamba mlezi wa watoto mshahara wake ni mdogo mno kujisomesha, na asiposoma mshahara haupandi, na akichoka anaacha kazi, na watoto wanabadilishiwa nyuso kila mara. Basi wakatengeneza makubaliano ya pande tatu: mlezi, kituo na mfuko. Kwenye mkataba wangu mfuko ulibeba sehemu kubwa ya ada na vitabu, kituo asilimia 10 na mimi asilimia 10. Muhula wa krediti 9, ambao ada yake ni dola 684, mimi nilitoa dola 68 na kitu. Juu ya hapo kuna posho ya usafiri kila muhula, saa chache za kutoka kazini kwa wiki ambazo unalipwa kama kawaida, na bonasi ukimaliza idadi ya krediti mliyokubaliana. Wewe kwa upande wako unaahidi kubaki kwenye kituo hicho mwaka mmoja baada ya mkataba.

Ugumu ulikuwa kwa bosi. Si mtu mbaya, ila anaendesha kituo kwa pesa ya kuhesabu. Nilipomgusia alijibu kwa upole swali ambalo kila bosi wa deikea angeuliza: ukitoka Jumanne mchana, nani anakaa na wachanga? Watoto 5 kwa mlezi mmoja ni sheria, mkaguzi anaweza kuingia saa yoyote. Sikumjibu siku ile. Nilienda nyumbani nikaandika ukurasa mmoja: mchango wa kituo kwa mwaka ni kiasi gani, saa zangu za kutoka mfuko unamrudishia kiasi gani, nani kati ya wasaidizi wa zamu fupi anataka kuongezewa saa (nilikuwa nimeshamuuliza, akakubali), na kwamba viwango vya nyota za leseni ya kituo, zile ambazo jimbo linapimia ubora wake, vinaangalia pia elimu ya walezi. Hilo la nyota ndilo lililomfanya avue miwani na kuisoma karatasi upya. Kituo chenye nyota nyingi hupata malipo makubwa zaidi ya serikali kwa watoto wa familia zinazosaidiwa ada. Akasaini wiki hiyo.

Nawaambia dada zangu wanaoniuliza: usiende kwa bosi kuomba huruma. Nenda na hesabu yake yeye, siyo yako.

Saa za kutoka kazini ndizo zilizoniokoa kuliko ada. Kozi nyingi nilichukua za mtandaoni, kwa sababu mume wangu anaingia ghala saa nne usiku na mimi nafungua kituo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyumbani hakuna saa ambayo hakuna anayelala au anayelia njaa. Kwa hiyo Jumanne mchana nilikuwa nakwenda maktaba ya umma, ghorofani, meza ya dirishani, simu imezimwa. Kazi zote zilizohitaji kichwa nilizifanya pale. Za kusoma tu nilizisoma jikoni. EDU 144, makuzi ya mtoto kutoka tumboni hadi miaka mitatu, ilikuwa kama kusoma shajara yangu ya kazi, niliimaliza bila shida. Hisabati, MAT 143, ilikuwa nyepesi kwa mtu aliyefundisha darasa la saba. Kiingereza cha kuandika, ENG 111, kilinitesa. Insha zao zinataka useme hoja yako sentensi za mwanzo kabisa; sisi tumezoea kubisha hodi kwanza.

Sasa pesa ya kutangulia. Hili watu hawaambiwi. Mfuko unalipa, lakini vitu vingine unanunua wewe, unapeleka risiti, unarudishiwa. Kati ya kununua na kurudishiwa kuna wiki, na ndani ya wiki hizo kuna kodi ya nyumba. Muhula wa kwanza tulikula maharage na ugali mpaka watoto wakauliza kama nyama imepigwa marufuku Marekani. Baada ya hapo nikajipanga. Kila malipo ya kazi, dola 20 zilikwenda akaunti ya pembeni ambayo sina kadi yake. Kitabu sikununua kabla ya wiki ya kwanza ya darasa, maana walimu wengine wanakubali toleo la zamani, na maktaba ya chuo huwa na nakala ya kusomea palepale. Risiti zote nilipiga picha nikiwa bado kaunta, kwa sababu karatasi zao zinafutika wino ndani ya mkoba.

Na kuna pesa ya nyumbani. Anayeishi huku anaelewa. Kila mwezi nilikuwa natuma kwa mama, na mwezi wa shule natuma mara mbili. Nilimpigia nikamweleza kwamba kwa miaka hii nitapunguza. Baada ya shikamoo na habari za kila mtu, akaniuliza, "Mwalimu, unasomea ualimu tena? Ule wa kwanza ulipotelea ndegeni?" Tulicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema niongee na kaka zangu. Niliongea nao. Mmoja alichukua dawa za presha za mama, mwingine akachukua umeme wa LUKU. Mmoja alinuna, na mpaka leo akinipigia anaanza na "profesa". Sawa tu.

Katikati ya mkataba, kituo kingine kilinitafuta. Walikuwa wanatoa dola moja na senti 50 zaidi kwa saa. Kwa saa 40 hiyo ni dola 60 kwa wiki kabla ya makato, si hela ya kudharau. Niliweka upande wa pili bonasi yangu, saa za Jumanne, ada ya muhula uliobaki na sahihi niliyoweka. Kwa pesa tupu pande hizo mbili zilikuwa zinakaribiana kuliko nilivyotarajia. Kilichonibakiza ni saa. Kituo kipya hakikuwa kwenye mfuko na hakikuwa tayari kuniachia hata nusu siku, na mimi nisingemaliza kwa kusoma saa tano usiku. Nilibaki.

Jambo jingine la hapa kwetu ambalo wengi wanalipita: WAGE$. Ni nyongeza ya kipato kwa walezi, inatolewa na mpango tofauti, kwenye kaunti zinazoshiriki, na inatazama kiwango cha elimu. Ukikaa kituo kimoja miezi sita, unapata hundi, na ukipanda ngazi ya elimu, hundi inapanda. Nilipomaliza krediti za kutosha niliwapelekea nakala ya matokeo ya chuo. Hundi iliyofuata ilinunua matairi manne.

Kodi nayo ina mambo yake. Ufadhili uliolipa ada na vitabu vinavyotakiwa na kozi hautozwi kodi, lakini posho ya usafiri na bonasi ni hadithi nyingine, weka kumbukumbu zake. Upande wa pili, pesa uliyotoa mfukoni mwako mwenyewe kwa ada na vitabu inaweza kukupa punguzo la kodi, na lile kubwa linataka uwe umesoma angalau nusu ya mzigo kamili, ambayo kwa chuo changu ni krediti 6 kwa muhula. Ndiyo maana sikuchukua kozi moja moja, hata pale nilipochoka. Kaunti yetu ina watu wa kujitolea wanaojaza kodi bure kwa wenye kipato cha chini. Nilikwenda na fomu ya 1098-T kutoka chuoni, ile inayoonyesha ada iliyolipwa, na bahasha ya risiti, wakanifanyia.

Sasa hivi ni mlezi mkuu wa chumba cha wachanga, dola 17 kwa saa. Si utajiri, na nasema wazi kwamba kwa kazi hii ni aibu ya nchi tajiri. Vyuo vikuu vya jimbo vina makubaliano na vyuo vya jamii kuhusu krediti za fani hii, kwa hiyo ninaangalia shahada ya miaka minne, na mfuko una ufadhili wa ngazi hiyo pia. Bosi ameshaanza kuuliza nani atakaa Jumanne.

Mdogo wangu yuko Columbus, jimbo la Ohio, naye yuko deikea, na alitaka nimtumie fomu zangu azinakili. Nimemkatalia. Ohio wana T.E.A.C.H. yao, na masharti ya mkataba wao si lazima yafanane na ya kwetu: mchango wa kituo, saa za kutoka, urefu wa ahadi. Nimemwambia apige simu ofisi ya kule, aulize kwanza wanamlipa nani moja kwa moja na nani anarudishiwa baadaye, halafu akae chini na ratiba ya mume wake.