Kiazi cha mkekani

Likizo ya Juni mwaka 2014 niliimalizia jikoni. Mke wangu alikuwa amesharudi kazini, maana likizo ya uzazi ni siku 84 na mtoto mchanga hajui kuhesabu. Dada wa kazi aliaga anakwenda msibani, hakurudi. Mimi ni mwalimu wa hesabu na shule zilikuwa zimefungwa, basi nikakabidhiwa Zuhura, miezi saba, pamoja na kikombe cha maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa alfajiri na sufuria ya uji.

Maziwa hayakuwa na neno. Uji ndio uliokuwa kesi. Kijiko kikikaribia, anafumba mdomo kama aliyekula kiapo. Ukibahatika kuupenyeza, ulimi unausukuma nje taratibu, unateremka kidevuni, unajificha kwenye mikunjo ya shingo. Ukisahau kupangusa, jioni mtoto ananuka togwa. Nikakigeuza kijiko kuwa bajaji, nikapiga na honi. Akacheka, nami nikakitumbukiza. Kesho yake bajaji ilipokuja hakucheka tena.

Mama mkwe akaja kututazama, kutoka Muheza, na kiroba cha machungwa. Alinivumilia siku moja tu.

"Baba Zuhura, mtoto hapigiwi magoti ale. Nipe kanga hiyo."

Akamlaza mapajani, kiganja cha kushoto akakikunja chini ya mdomo kama mfereji, akamimina uji. Zuhura alimeza funda la kwanza, la pili akavuta pumzi katikati. Akapaliwa. Uso ukaiva, miguu ikakakamaa, na sauti haikutoka. Mama akamgeuza kifudifudi, akampiga mgongoni, uji ukatokea puani, ndipo kilio kikaja. Sijapata kufurahia kilio namna ile.

"Mama yake nilimlea hivihivi," alisema, lakini kanga ilikuwa inamtetemeka mkononi.

Mkwe hakosolewi. Nilisema mtoto anataka jua, nikatoka naye uani, tukakaa tunaitazama Milima ya Uluguru mpaka sote wawili tukaacha kutweta.

Wiki hiyohiyo ilikuwa zamu ya kliniki. Kilo sita na gramu mia saba, vilevile kama mwezi uliopita. Kwenye kadi mstari umelala. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza unga wangu una nini. Nikautaja kwa fahari: mahindi, mchele, mtama, ulezi, ngano, soya, karanga.

"Baba, huo ni unga au shamba?"

Wenzangu kwenye benchi wakacheka, wote kina mama. Akaniambia nichague nafaka moja, soya na karanga nisizirundike humo, kwani tumbo la mtoto linazidiwa. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usikimbie. Mwepesi unajaza tumbo maji. Chumvi na sukari niache. Kutema si kukataa, ulimi wake ulikuwa haujajua kazi nyingine ila kunyonya. Chakula kimoja huenda nikampa mara nane, hata kumi, kabla hajakikubali. Ila nisikae tu nikingoja, kwa sababu madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa yamepungua sana akitimiza miezi sita, na maziwa peke yake hayawezi kuyafidia. Dagaa wasagwe, maini yapondwe. Kuhusu kumlaza na kummiminia sikusema kitu. Niliona aibu, na yule alikuwa mama yangu pia.

Nikapika uji wa ulezi mtupu, mzito. Akautema kwa adabu zaidi, basi.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa mkekani nakunywa chai na viazi vitamu vya kuchemsha, Zuhura nimempakata ili asitambae hadi kwenye jiko. Sikuwa namlisha, nilikuwa nimechoka na habari za kulisha. Nikaona kimkono kimetua kwenye sahani. Akakamata kipande, akakibana, kiazi kikachomoza katikati ya vidole kama udongo wa mfinyanzi. Akakitazama. Kisha ngumi nzima ikaenda mdomoni. Akakunja uso kana kwamba amelamba ndimu, akatikisika mwili mzima, nikajua kinarudi hiki. Hakikurudi. Ulimi ulichungulia, ukalamba kidole gumba, ukaingia ndani nacho. Akapeleka mkono tena.

Nilishindwa hata kumeza chai. Nilimpondea kingine, nikakiweka ukingoni mwa sahani, nikajifanya nashughulika na changu. Kiazi kiliingia sikioni, kwenye nyusi, kwenye shati langu. Tumboni labda vijiko viwili. Kwangu ilikuwa karamu.

Tukaendelea hivyo, tunakula pamoja, yeye kwa mkono wake na mimi nikichomekea kijiko pale anapofungua mdomo mwenyewe. Siku nyingine hakugusa kitu, nami nilijilazimisha kuondoa sahani bila kununa.

Mama mkwe alikuwa akituangalia kutoka mlangoni, anamenya machungwa, hasemi. Siku mbili kabla ya kuondoka alikaa mkekani na bakuli lake la ndizi za kuponda alizochanganya na unga wa dagaa. Zuhura akatambaa moja kwa moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kifundo. Mama akaushika ule mkono, akautazama, akauachia. Akalisogeza bakuli karibu naye.

"Baba Zuhura," akaniita bila kugeuka, "niletee bakuli lingine. Hili si langu tena."